Uma wa Mbele

Bi Staniforth alinipa ufunguo wa banda,
akaniambia nitazame, nisiguse.
Ndani, kati ya makopo ya rangi na mashine ya kukatia majani,
ilining'inia kwenye misumari miwili:
Raleigh nyeusi, breki za vyuma,
tandiko la ngozi lililobaki na umbo la mtu.

Niliijua kabla sijasoma jina.
Ndugu yake alibeba magunia ya pamba kwetu Maswa.
Mjomba akimwita "Mwingereza"
kwa sauti ya kumkemea punda.
Sasa nimemkuta Mwingereza kwao,
mwendo wa saa moja tu kutoka alikozaliwa,
magurudumu juu, kichwa chini, kama popo.

"Ya Cyril," alisema. "Kilima kiliwashinda wote wawili."

Kilikuwa kinanishinda na mimi.
Nina wazee saba wa kuosha, kuvisha, kunywesha dawa,
wawili bondeni, watano juu huko Walkley,
ambako barabara imesimama wima
hata manispaa ikatia vyuma ukutani watu washikilie
kama wanapanda ngazi ya ghorofani.

Alikubali kwa masharti:
nisitoboe fremu,
nisipake rangi,
na kengele, ole wangu.

Basi, katika mji huu uliofua visu na uma
nikaanza na uma. Si wa mezani; wa mbele,
ule unaoshika gurudumu kwa meno mawili.
Ekseli ya mota ilikuwa nene kuliko nafasi yake.
Nilichonga kwa tupa, unywele kwa unywele, jioni nne,
chuma cha mwaka hamsini na tatu kikitema unga wa fedha
juu ya gazeti la matokeo ya mpira.
Nikasuka spoku thelathini na mbili, nikazisuka upya.
Betri nikaifunga palipokuwa na pampu.
Waya nikaupitisha njia ileile
aliyopitishia Cyril waya wa dinamo;
vibanio vyake bado vilikuwapo, vinne, vimepinda kwa mkono.

Mota yenyewe ni kama bakuli la uji.
Wati mia mbili hamsini, sheria hairuhusu zaidi.
Ukikanyaga, inakanyaga nawe. Ukiacha, inaacha.
Haina kelele; ina mnong'ono tu,
kama mtu anayesali huku anaosha vyombo.

Siku ya kwanza nilipanda nikingoja pumzi inikatike.
Kilima kilikuja, kikanitazama, kikapita chini yangu.
Nikampita kijana wa baiskeli ya mashindano,
mimi na sare yangu ya bluu na mfuko wa glavu.
Nilimwomba radhi.

"Cyril angesema huo ni wizi,"
alisema Bi Staniforth nikimvalisha soksi.
Nilinyamaza. Ya kushoto huwa ngumu, mguu umevimba.
Kisha: "Muongo yule!
Miaka mitano ya mwisho aliisukuma
kwa uchochoro wa nyuma, majirani wasimwone.
Hapo kwenye kona anaipanda, anafika mlangoni
anapiga kengele kama aliyepaa kutoka bondeni.
Namfungulia. Namuuliza, umechoka?
Ananiambia, hata."

Novemba, mvua ya kulala, betri ikaniishia nusu ya njia.
Baridi huila betri kama inavyokula vidole.
Baiskeli ikarudi kuwa chuma,
kilo ishirini na nane pamoja na mota iliyolala.
Nilishuka. Nikatazama madirisha yenye taa.
Nikachagua uchochoro.

Katikati yake, kwenye tofali, usawa wa nyonga,
palikuwa na mfuo, umelainika kwa kusuguliwa.
Niliegemeza usukani nivute pumzi.
Ukaingia.

Mvua ilipita kwenye kola.
Sikuwa na haraka tena.
Kwenye kona nikapanda, nikapiga kengele.