Wazi

Mvua ya Aprili imetufungia nyuma ya stoo ya fimbo,
kedi sita, benchi moja, karanga za mia tano,
na Kisamo, asiyeweza kunyamaza hata kanisani,
anauliza: mashindano ya wazi ya nchi gani
yana hadhi kuliko yote?

Ya Kenya, anadakia Mbonea.
Kule Wazungu huja na mikoba yenye majina yao,
kamera zinakwezwa juu ya vyuma,
na kedi wa wiki moja anarudi kwao na bati za nyumba nzima.
Kwa hiyo hadhi ni bati? anauliza Ndelilio.
Hadhi ni bati. Muulize anayevujiwa.

Kisamo mwenyewe ni wa Zambia.
Babu yake alichimba shaba Kitwe
akarudi Machame na redio, suti,
na neno moja la Kibemba
ambalo hadi anazikwa hakulifasiri.
Hilo hatumbishii.

Wa mwisho kwenye benchi anaapa ni Uganda:
kombe lao halibebwi na mtu mmoja.
Umeliona?
Nimeongea na aliyeliona.

Ndelilio anapangusa magoti.
Ya Waingereza, anasema, hayana nchi kwenye jina.
Ya Wazi. Basi.
Kama sisi tunavyosema Mlima.
Nani hapa Moshi huamka akasema
Mlima Kilimanjaro umefunguka?
Mgeni.
Mwenyeji anasema Mlima, anainua kidevu upande ule,
hata kukiwa na wingu.

Tukanyamaza. Karanga nazo zikaishia hapo.

Na yetu? akauliza mtu,
tukacheka wote kama watu waliotekenywa,
mimi nikawahi kuacha.

Kwa sababu mjomba Eliakunda,
mwaka ule mashindano yetu yalipopanda huku,
alikuwa kedi wa benchi hilihili.
Mlango wa mbele haukuwa wake.
Chai yake ilipitia dirishani, kikombe cha plastiki,
rangi ya machungwa, kimeng'atwa mdomoni.
Lakini ile fomu ilibandikwa ukutani, imeandikwa: wazi.
Akaisoma mara mbili.
Akauza mbuzi wa mahari ya kaka yake
(mambo yale hayajaisha mpaka leo)
akaazima fimbo saba kwa mabwana saba,
moja ya mkono wa kushoto.

Siku tatu. Hakushinda.
Nasema hakushinda, msije mkanisingizia.
Ila shimo la sita mpira wake ulilala
karibu na kijiti kuliko wa yeyote,
na zawadi ya shimo lile ilikuwa friji.

Ikapanda Uru nyuma ya pikapu, imefungwa kwa kamba za katani,
kijijini kusikokuwa na hata nguzo ya umeme.
Bibi akaweka humo maharage, panya wasifike,
vyeti vya ubatizo, kitenge cha Pasaka.
Miaka kumi na mmoja.
Siku umeme ulipofika ilitetemeka
kama mtu aliyeamshwa kwa jina lake.
Bado inagandisha, upande mmoja.

Kwa hiyo ni yapi? anasema Kisamo.

Sijui. Mimi nabeba mikoba,
na mkoba mzito haujawahi kuniambia mwenyewe anapigaje.
Najua tu kwamba jioni ile, kombe lilipokwisha kutolewa,
mjomba aliitiwa chai.
Kikombe cha kauri, safari hii, na kisahani chake,
na kijiko.
Dirishani.

Mvua imekatika.
Ndelilio anainua kidevu. Wingu tupu.
Tunaangalia hata hivyo.
Kutoka barazani mtu anapiga mluzi, hakutaja jina.
Sote sita tunasimama.