Kabati, Igogo

Studio ni kabati. Usicheke.
Mlango mmoja umeng'oka bawaba,
wa pili tunaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli,
na ndani bado zimening'inia nguo za mama:
makoti mawili ya mtumba, joho la kwaya,
vitenge alivyovitunza kwa harusi ambazo hazikuitishwa.
Nilijaribu godoro. Nilijaribu trei za mayai,
wakaja panya.
Hakuna kinachomeza mwangwi kama nguo
zilizokunjwa na mtu mwenye subira.

Minza anaingiza kichwa na mabega,
miguu inabaki sebuleni.
Namwambia: usiitazame maiki, tazama mkono wa koti.
Ukifika kwenye "p" geuza mdomo kidogo,
kama mtu anayepoza chai ya mwingine.
"Pepo" ya kwanza ililipuka, taa ikawa nyekundu.
Nikaivisha maiki soksi.
Ni safi, nikaapa.

Ngoma tuliipata jikoni:
ndoo ya lita ishirini, imefudikizwa juu ya taulo.
Kiganja katikati, hiyo ndiyo besi.
Kucha ukingoni, hizo ni za kujaza pengo,
na pengo lisijazwe lote.
Manyanga ni mchele kwenye chupa ya dawa,
punje chache tu. Ukizidisha zinanguruma kama mvua,
na mvua ndiye adui wetu wa kwanza, sisi wa mabati.
Wa pili ni jogoo wa mama Kwilasa, asiyejua saa.
Wa tatu, honi.

Lakini kwanza maneno.
Ubeti wa pili, "mpenzi" alikuja na "mwenzi",
"mwenzi" akaenda kumwita "enzi".
Nikasema, Minza, kina kimekufunga kamba ya mbuzi,
kinakuvuta pasipo na majani.
Futa. Andika ulichokiona.
Akanuna. Akatafuna kifuniko cha kalamu.
Kisha:
    *Alishuka mlima na ndoo tupu,
    akaupanda na ndoo tupu,
    akatuandalia meza.*
Hakuna kina hapo. Vinyweleo vikanisimama.
Tukauacha hivyo hivyo,
kina tukakiazima kwenye gitaa.

Sasa honi.
Minza anauza viatu Mlango Mmoja hadi jua lichoke,
mtoto wake analala saa moja tu kabla ya uji,
na saa hiyo hiyo kivuko cha Kamanga kinaaga gati.
Honi inapanda mawe, nyumba kwa nyumba,
inaingia dirishani bila hodi,
inakalia neno "meza".
Mara ya tatu. Mara ya sita.
Mara ya tisa sikuwa na nguvu ya kubonyeza kituo.

Usiku nikasikiliza, hedifoni sikio moja,
la kushoto lilikufa Machi.
Honi haikuwa imeharibu kitu.
Ilikuwa chini yetu kwa upana wa ukucha,
kama jirani anayeimba nawe ukutani
akijua wimbo kuliko wewe.
Nani amsogelee mwenzake?
Meli haina funguo za kukazia nyuzi.
Nikalegeza zangu zote sita, nusu, nusu,
na sauti ya Minza ikashuka
hadi pale inapotembea peku.

Basi tukaanza kuingoja.
Jioni moja kivuko kilichelewa.
Nilikuwa nimeshabonyeza,
Minza ameshajitumbukiza kwenye vitenge.
Dakika nne: henga za waya zikigusana,
pumzi, mtu bondeni akipigia dagaa bei,
tumbo la mmoja wetu.
Kisha honi, na hatukuimba. Tulisahau.

Faili ile sikuifuta.
Nimeilaza chini ya wimbo mzima,
chini kabisa, hutaisikia.
Lakini ukiiondoa
utageuka kuangalia nani katoka chumbani.

Minza ameusikiliza mara mbili.
Anachouliza bado
ni ile soksi, ilikuwa ya nani.