Daftari la Vipimo

Kiuno ishirini na nne. Bega kumi na nne kasoro.
Wino umefifia, ila mwandiko ni wangu, nausoma.
Mwaka wa unga wa yanga, hapa hapa Barabara ya Saba,
kikundi chenu kilitaka gauni la malkia
na kitambaa mlichonacho ni viroba vya msaada.
Nikaloweka, nikatia rangi, nikakata.
Maandishi ya kiroba niliyageuzia ndani.
Ukatawala jukwaa la ukumbi wa reli usiku tatu,
Mbeleje binti Chidosa, kidevu juu,
na mgongoni, upande wa ngozi, pameandikwa
SI YA KUUZWA.

Ukurasa wa pili una doa la chai.
Kaniki mita nne, vitambaa vyekundu, hakuna kipimo:
Kipindupindu hakina kiuno.
Bahi, Kigwe, Mvumi, jukwaa ni bodi la lori lililoshushwa,
ukatoka chini ya turubai unatambaa
na watoto wakakimbilia kwenye mihogo.
Bibi mmoja akakurushia jivu la moto.
Mganga wa zahanati alituambia baadaye
kwamba kijiji kizima kilichemsha maji mwezi mzima,
si kwa kumwelewa yeye,
kwa kukuogopa wewe.
Mlilipwa uwele debe mbili na karanga.

Kiuno thelathini. Pembeni nimeandika: *acha nafasi*.
Ulicheza mwali na mimba ya miezi mitano.
Marinda niliyatia ishirini na manne, nikayahesabu kwa kidole,
na siri tuliijua watatu:
wewe, mimi,
na yule aliyepanda treni ya Manyoni akasahau kushuka kurudi.

Halafu zikaja kamera.
Hawakutaka malkia. Mama mkwe.
Mama mkwe, mchawi, mama mkwe, mama mkwe sehemu ya pili.
Nilishona vijora vyeusi hadi cherehani ikachoka rangi hiyo.
Vibanda vya video Chang'ombe vikajaa,
na sokoni Sabasaba muuza nyanya akakurudishia noti:
"Pesa yako siigusi. Yule mkamwana ulimlisha nini?"
Ukacheka, soko likacheka.
Kwenye benchi langu hukucheka.
"Fundi, filamu nzima nimepewa elfu themanini,
na nyanya siuziwi."

Ukurasa huu sikuandika namba.
Ni sanda ya Mazoya, mwanao, na sanda haina mshono wa kupimia.
Ulilia pale Hombolo mpaka kanga ikalowa bega,
na kijana mmoja akanyanyua simu,
na mwanamke nyuma yangu akanong'ona, wala si kwa ubaya,
"Analia vizuri. Kama ile ya mwisho."
Ulisikia. Niliona shingo yako ikisikia.
Ukanyamaza kama bomba lililofungwa.
Tangu siku hiyo waongozaji wameleta vitunguu,
wameleta dawa za matone, wameongeza na posho.
Macho makavu.
Wakasema umri umemnyang'anya kipaji.
Sikujibu, nilikuwa na sindano mdomoni.

Jana umekuja. Kiuno arobaini na mbili,
na mjukuu wangu ndiye anayetunga uzi, mimi sioni tundu.
Wanafunzi wa chuo, kule mlimani, wanataka uwachezee malkia.
Nikakukunjulia mahameli, zambarau, ya kuazima.
Ukaipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wa jirani.
"Viroba vile vimekwisha?"
Nikasema siku hizi ni vya plastiki, Mbeleje, vitakuwasha.
Ukanitazama kwa muda.
"Kwani vile vya zamani, fundi, ulidhani haviwashi?"

Miaka yote hiyo, na kidevu juu!
Nikavuta tepu shingoni.
Inua mikono, nikasema,
na usivute pumzi ndani, mimi si mtazamaji.