Kwa Mlango

Siku ya kumi na moja, na daraja bado halina jina.
Kwenye ramani yetu ni mstari tu
juu ya mto Ngong, pale Mukuru.

Sitienei akaandika: Tupigeni kura, tulale.
Halkano, taratibu: Kura huhesabu vichwa.
Sisi twatafuta neno
ambalo hata asiyelipenda ataweza kulitamka.

Saa sita usiku. Stima imepotea Pipeline.
Mumbua anachapa, betri asilimia tisa:
Daraja la Mbao. Kuna anayepinga?

Kimya.

Lakini kimya cha watu kumi na wanne si ridhaa.
Mmoja ana zamu ya usiku kiwandani,
mwingine bando imemwishia,
mwingine anameza neno.
Tukangoja.

Alfajiri Kerubo,
ambaye tangu ajiunge hajaandika zaidi ya "sawa",
akaandika:
Mbao ziling'olewa Aprili, zikawa kuni.
Sasa kumelazwa mlango wa kontena.
Sisi tunaovuka na mitungi
tunapaita Kwa Mlango.

Sitienei, yule wa kulala, akawa wa kwanza:
Sina pingamizi.
Mumbua akakawia. Kisha:
Nililipenda langu. Wekeni hilo.

Hakuna aliyeshinda, basi hakuna aliyeshangilia.
Halkano akabonyeza.
Jina likatua juu ya maji, herufi ndogo,
bila sahihi ya mtu.

Jumapili nilikwenda kulivuka.
Chuma kililia chini ya viatu vyangu.
Komeo bado lipo,
limetazama juu,
halifungi kitu.