Hereni ya Manjano

Walikushusha Hogoro jua likiwa utosini,
lori limezimwa, ubao umeegeshwa kwenye tuta,
nawe ukakataa kushuka.
Chilewa akakubembeleza: "Mwanangu, njoo."
Mimi mkewe nina miaka kumi na sita nyumbani humu,
sijawahi kuitwa kwa sauti ile.

Ng'ombe kumi na mmoja tuliwaswaga hadi mnada wa Kizota
ili uje wewe mmoja:
mwekundu kama kichuguu kilichonyeshewa,
kifua mlango wa kanisa,
nundu huna,
na sikioni hereni ya manjano, sifuri nne moja saba.
Cheti chako kilikuwa na mihuri mitatu.
Babu yako kaandikwa. Bibi yako kaandikwa.
Uzito wa baba yako siku alipoachishwa ziwa, umeandikwa.
Ukoo wetu sisi haujapata hata nusu ya karatasi hizo.

Kupe wa Hogoro hawakuandikwa popote.

Ndoo sita asubuhi, nne jioni.
Nilizihesabu kwa shingo.
Lambo lilirudi nyuma kila siku hatua moja,
nawe umesimama chini ya turubai,
ulimi nje, ukihema kama mtu aliyeona mdai wake kwa mbali.
Ndama wa jirani, wale wa mbavu za kuhesabika,
walipita wakichuma mgunga katikati ya miiba.
Hawakukutazama.

Josho la kijiji lina ufa tangu mwaka juzi.
Tulichanga. Fedha ziliingia mkutanoni, hazikutoka.
Basi tukanunua dawa ya chupa, Kibaigwa,
bei ya kuzungumzika, harufu ya kutoa machozi,
na ndani yake maji.
Kupe walioga, wakaburudika, wakaendelea na safari.

Wiki ya tano ukasusa pumba.
Wiki ya sita Chilewa alikufunua kope
akakuta rangi ile ile ya hereni.

Sechelela wa mifugo alikuja na pikipiki,
akatoboa ncha ya sikio lako;
tone likatoka jepesi,
chai ya msibani siku ya tatu.
"Ndigana baridi," akasema.
"Wa hapa huugua wakiwa ndama, wakapona, wakasahau.
Huyu anaanzia ukubwani."
Sindano ya kwanza. Ya pili. Ya tatu kwa mkopo.
"Mngeniita kabla ya kununua,"
akasema, bila ukali, akifunga mkoba.

Chilewa akaona heri kisu kuliko kaburi.
Akakodi lori lile lile.
Machinjioni, mkaguzi alipasua ini, akapasua figo,
akaminya mafuta kwa ncha ya kisu. Manjano.
Akauliza umechomwa nini, na lini,
na mume wangu, ambaye hajui kusema uongo akiwa na njaa,
akamwambia.
Kilo mia tatu na ushee.
Shimo, chokaa, dizeli.
Mbwa walibweka usiku kucha pembeni ya utajiri ule.

Ulipanda majike mawili kabla hujalala.
Mmoja alitupa mimba.
Mwingine, Madoa, kizee chetu kisichonunulika,
alizaa mvua ziliporudi:
dume, mwekundu wako,
nundu yake ngumi ya mtoto mchanga.
Siku ya tisa nilimkuta na kupe mmoja nyuma ya sikio,
nikanyoosha kidole, nikasita.
Sechelela alikuwa amesema: mwacheni aumwe kidogo,
mkiwa macho, angali mdogo.
Sijui kama ni elimu au ni bahati nasibu.
Nilikaa naye hadi alfajiri, mkono wangu kwenye paja lake,
nikipima joto.

Hereni yako sasa imefungwa kwenye ufunguo wa ghala.
Chilewa akiishika hunyamaza kidogo, kisha hufungua.
Ndama hajampa jina. Anaogopa, nadhani.
Mimi namwita Ndoo Mbili.
Ndizo anazokunywa.