Msumari wa Bondeni

Mama Sechelela alipiga simu kabla ya jua:
"Fundi, lile jicho lako linalia."
Nikajua ni lipi.
Nkuhungu, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga,
bati la kioo nililoliweka mwaka juzi
juu ya cherehani yake,
umeme ulipokuwa unamaliza faida
na macho yake yameanza kudai mwanga wa nyongeza.

Mvua ya Disemba hapa Dodoma haibishi hodi.
Hukaa miezi saba bila salamu,
kisha huja yote kwa usiku mmoja,
kama mdaiwa aliyepata pesa na hasira kwa pamoja.

Nilikuta beseni la bluu, maji nusu,
na sare za shule zimesogezwa ukutani,
mashati kumi na manne yakisubiri kola.
"Sikulaumu," alisema.
Neno hilo, sisi mafundi tunaujua uzito wake.

Juu ya paa unakanyaga penye msumari,
maana penye msumari pana papi,
na papi ndiyo inayombeba baba wa watoto wanne.
Bati la kioo hulikanyagi kabisa.
Chilongani alilikanyaga, kule Ipagala.
Siku hizi anauza vocha,
anatembea kama anayehesabu.

Nilitambaa kwa tumbo, shavu kwenye bati,
harufu ya vumbi lililolowa puani.
Jua la miaka miwili lilikuwa limekipaka kioo
rangi ya chai iliyokosa maziwa.
Silikoni haijapasuka.
Bati limelalia bati, migongo miwili, inavyotakiwa.
Kisha nikauona:
msumari mmoja, bondeni.

Hili mwanafunzi hulijua kabla hajashika nyundo.
Msumari hupigwa mgongoni mwa bati,
maji hayapandi mlima.
Bondeni ndiko barabara yao,
na wewe umewatobolea mlango.

Ningesema ni yule kijana.
Lakini siku ile kijana alikwenda kununua mihogo,
na nyundo ninayoikumbuka ilikuwa mkononi mwangu,
saa kumi na moja jioni,
nikiwahi hela ya pili Nzuguni.

Kwetu Mvumi, tembe la bibi
lilikuwa na chungu kisicho na kitako,
kimepachikwa kwenye udongo wa paa.
Mwanga uliingia kwa mdomo wake,
duara moja tu, likitoka asubuhi kwenye jiwe la kusagia
na kufika jioni miguuni pa kitanda.
Ndiyo saa tuliyokuwa nayo.
Wingu likitanda niliitwa mimi, mwepesi,
nipande nikakifunike kwa kigae.
Siku moja nilisahau, nikicheza.
Unga wa uwele ukalowa wote.
Bibi aliuanika siku mbili kwenye ngozi ya ng'ombe,
akifukuza kuku.
Naye hakunilaumu.

Nikaung'oa msumari.
Tundu lenyewe dogo, halipitishi hata punje ya mtama.
Nikalaza kipande cha bati kuukuu juu ya kioo,
nipate pa kuegemea nikisugua kutu.

Chini, cherehani ikanyamaza.

"Fundi! Umezima?"
"Dakika tano tu, mama."
"Nimebakiza kola moja. Mwenyewe anakuja saa nne."

Nikakiondoa kile kipande.
Nikakaa kwenye papi, bomba la silikoni mapajani,
raba mpya ikipata joto katikati ya meno yangu.
Cherehani ikaanza tena, ikasita, ikaendelea.
Nilimwona kupitia ile rangi ya chai:
kitambaa cheupe, kidole, utosi wenye mvi.
Kule Mlimwa wingu lilikuwa limeshafika kileleni,
zito, halina haraka,
na mimi juu ya tundu langu mwenyewe
nikijiuliza kola moja
ina mishono mingapi.