Upana wa Kidole Gumba

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili:
la sabuni ni tangazo,
la kifo ni tangazo.
Mimi nayaweka yote kwenye ukurasa mmoja,
chumbani Nyawera, juu ya duka la misumari,
umeme ukiwepo.

Watu wa Bukavu waliotawanyika,
Uvira, Kolwezi, Kampala, Ubelgiji,
hunifungua kabla ya chai
waone nani katutoka,
matanga yako wapi, Kadutu au Panzi,
na mazishi ni saa ngapi.
Hawalipi. Nani atoze msiba?
Anayelipa ni kampuni, senti kwa kila kidole.

Juma la kwanza nililiweka juu kabisa,
pana kama mlango wa kanisa.
Macho yakalipita jinsi yanavyompita
kijana anayeuza miswaki kwenye ngazi za soko.
Dola mbili na senti kumi.

Juma la pili nikalisogeza ubavuni,
jembamba, uchochoro wa Essence.
Lakini simu haina ubavu.
Likaporomoka hadi chini ya vyote,
kama nyumba za mteremkoni mvua ya Aprili ikikaza.
Senti themanini na tano.

Juma la tatu nikapima vizuri:
nukta mia tatu kwa mia mbili na hamsini,
mraba mnene, rangi ya ndizi mbivu,
nikauchomeka katikati,
baina ya jina la marehemu na mahali pa matanga.
Kidole kikishuka kutafuta njia
sharti kiukanyage.
Dola kumi na tisa!
Kufa kufaana, walisema wahenga,
ila hawakusema ni senti ngapi.

Nikanunua petroli ya jenereta.
Nikanunua sambaza, kilo nzima, nikamlipa mwenye nyumba
na deni la Januari.
Mama akaniuliza, Nsimire,
biashara gani hii inayonenepa ghafla?
Nikamwambia: nimehamisha tangazo.
Akauliza: lipi?

Jumamosi simu ikalia. Mwanamume, sauti imekauka vumbi.
Naitwa Ntakwinja, natoka Uvira.
Nilikuwa na megabaiti za kufungua mara moja tu.
Nimeliona jina la mama yangu.
Nikabonyeza chini yake nijue matanga yako wapi,
ukafunguka mpira, timu za Uhispania,
ikaniuliza nani atashinda.
Megabaiti zikaisha hapohapo.
Nimepanda gari hivyohivyo, nimezunguka Bagira tangu saa nne,
kila nyumba yenye turubai naingia,
na kila turubai ni mama wa mtu mwingine.
Sikulaumu, dada.
Niambie tu amezikwa wapi.

Nikamwambia.
Ilikuwa saa kumi na moja jioni.
Udongo ulikwisha kushindiliwa.

Usiku ule nilifungua hesabu, nikazitazama
zile dola kumi na tisa, nikajaribu kuitafuta
senti ya kidole chake.
Hazina majina, senti.

Nikashuka kwa fundi wa misumari, nikamwomba mkono.
Akacheka, akadhani namtania.
Nikamwekea simu, nikasema, gusa hapa;
nikapima kidole gumba chake,
kipana, chenye kovu la nyundo,
na upana ule nikauacha mtupu, mweupe,
chini ya jina, chini ya mahali, chini ya saa ya mazishi.
Baada ya hapo ndipo mraba.
Nikaukata nusu.

Dola sita na senti arobaini.
Sambaza sasa napima kwa kikombe.
Jenereta nawasha saa mbili, nazima saa nne,
na mwenye nyumba ameanza tena kukohoa mlangoni.

Sijaacha kujaribu, sitadanganya.
Juma lijalo nalibadilisha rangi, liwe kijani,
labda na herufi nene kidogo.
La sabuni, mama.
La sabuni.